Maswali Yenu kwa Mwalimu: Bei ya Unga na Rangi ya Chama

Toleo lililopita niliandika maneno machache tu kuhusu bei ya unga, barua zikamiminika. Nyingi hazikuwa za unga. Zilikuwa kuhusu kaka, waume na majirani ambao jana walisema hivi na leo wanasema vile. Nimechagua nne. Kwa wasionijua, nilifundisha Historia na Serikali katika shule za upili za upande wa Changamwe hadi nikastaafu. Sasa naishi Mikindani, na baraza la kahawa la mtaani kwetu halifungwi bila siasa.

*Assalaam aleikum, Mwalimu. Mimi napika viazi karai na bajia karibu na steji ya Bamburi Mtambo. Nina kaka yangu mwendesha bodaboda. Mwaka 2023 alitoka kwenye maandamano ya gharama ya maisha na sufuria kichwani, na ukimtajia Rais anatema mate. Tangu viongozi wa chama chake waingie serikalini, akinikuta nalalamikia mafuta ya kupikia ananiambia, "Uchumi umetulia, dada, wacha kelele." Mafuta nanunua kwa jerikeni, na bei haijarudi ilikokuwa. Mwalimu, kaka yangu kalishwa nini? Ama kapewa pesa?*
— Mpika viazi, Bamburi

Wa aleikum salaam, mwanangu. Kaka yako hakulishwa kitu, na usimpekue mifuko. Anayemlipa mwendesha boda ili amnyamazishe dada yake nyumbani hayupo. Jambo lake ni gumu kuliko hongo, kwa sababu yeye mwenyewe anaamini amefikiri.

Limechunguzwa sana jambo hili. Mwaka 1960 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walieleza kwamba chama hufanya kazi ya chujio: habari zinazokipendeza zinapita, nyingine zinabaki juu. Miaka mingi baadaye mtafiti wa siasa Larry Bartels aliyarudia majibu ya wapigakura wa Marekani ya mwaka 1988, wakati Rais Ronald Reagan wa chama cha Republican alikuwa anamaliza miaka yake minane. Mfumuko wa bei, yaani kasi ya bei kupanda kwa mwaka, kule ulikuwa zaidi ya asilimia 13 mwaka 1980, na kufikia 1988 ulikuwa umeshuka hadi karibu asilimia 4. Hesabu hizo hazikufichwa, zilitangazwa kila mwezi. Hata hivyo zaidi ya nusu ya wafuasi sugu wa chama pinzani cha Democratic walisema mfumuko ulikuwa umezidi kuwa mbaya chini ya Reagan. Na hao walinunua mkate katika maduka yale yale ya majirani zao wa Republican.

Usidhani ni maradhi ya upande mmoja. Donald Trump aliposhinda Novemba 2016, wafuasi wa Republican walianza kuusifu uchumi ambao wiki chache nyuma waliuona mbovu, na wale wa Democratic wakageukia kinyume. Trump hakuwa ameapishwa bado. Barack Obama ndiye aliyekuwa Ikulu, na bajeti iliyokuwa ikitumika ilikuwa ile ile.

Rudi kwetu sasa, uone jinsi tunavyofanana nao. Septemba 2018 petroli ilianza kutozwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16. Watu walipiga kelele nchi nzima, na Rais Uhuru Kenyatta akapendekeza ipunguzwe hadi asilimia 8. Ilikuwa nusu mwaka baada ya handisheki ya tarehe 9 Machi, Uhuru na mpinzani wake Raila Odinga walipopeana mkono, na Raila akawaomba wabunge wa chama chake cha ODM waiunge mkono hiyo asilimia 8. Naibu wa Rais alikuwa William Ruto. Ikaja Sheria ya Fedha ya 2023, Rais akiwa Ruto, asilimia 8 ikapanda kuwa 16, na ODM ikaipinga kwa nguvu zote. Nina jirani hapa Mikindani aliyenieleza mwaka 2018, kwa upole kabisa, kwamba nchi haiendeshwi kwa dua, lazima tulipe kodi. Mwaka 2023 jirani huyo huyo aliniambia kodi ya mafuta ni wizi wa mchana. Jirani yangu mwingine alilia bei ya unga hadi Agosti 2022. Septemba, Ruto alipoapishwa, jirani huyo akaanza kunisomesha kuhusu deni la taifa. Wote wawili ni watu wazima, wana akili, na mmoja ni mhasibu.

Sasa tumpe kaka yako haki yake, maana anayo. Oktoba 2022 mfumuko wa bei Kenya ulikuwa asilimia 9.6. Oktoba 2024 ulikuwa asilimia 2.7. Dola iliyogonga shilingi 160 mwanzoni mwa 2024 ilikuwa takriban shilingi 129 mwaka ulipoisha. Hizo si porojo za mkutano wa hadhara. Kwa hiyo anaposema uchumi umetulia, ana pa kusimama.

Lakini mfumuko ukishuka, bei hazishuki. Zinaendelea kupanda, ila kwa mwendo wa polepole. Mafuta yako yakipanda mwaka mmoja kwa kishindo, halafu mwaka wa pili yakapanda kidogo tu, mfumuko umeshuka na wewe bado unanunua ghali. Na ikiwa wateja wako wa steji hawajaongezwa mshahara, wanapunguza viazi, wala hawakosei. Kwa hiyo kaka yako na wewe mnaweza kuwa mnasema kweli nyote wawili, na mnagombana kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake anakana kweli yake.

Ninapomlaumu ni hapa. Hassan Joho, aliyekuwa gavana wa Mombasa, na wenzake wa ODM waliingia Baraza la Mawaziri Agosti 2024. Julai, mwezi mmoja kabla, mfumuko ulikuwa umeshashuka chini ya asilimia 5. Mimi nakuuliza, Julai hiyo kaka yako alisema uchumi umetulia? Nahisi hakusema. Nambari ilikuwepo, hakuihitaji. Ilimfaa chama chake kilipopata viti.

Usimuulize nani kamlipa. Mtu akiitwa msaliti nyumbani kwao huzidi kushikilia. Kuna watafiti Marekani waliowaahidi watu pesa kidogo kwa kila jibu sahihi kuhusu uchumi na mambo ya serikali, na pengo kati ya wafuasi wa vyama viwili likapungua zaidi ya nusu. Tafsiri yangu ni kwamba wengi walikuwa wanaijua kweli, au walijua kwamba hawaijui. Bila malipo walikuwa wanashangilia timu. Kaka yako anatia petroli kila siku. Bei ya lita anaijua kuliko waziri yeyote. Muulize, usiku akihesabu pesa zake: "Mwaka 2023 ulikuwa unabaki na ngapi baada ya petroli, na leo unabaki na ngapi?" Usitaje chama wala jina la mtu. Na wewe andika kwenye daftari lako bei ya jerikeni, ya gunia la viazi na ya unga wa dengu, kila unaponunua, na tarehe pembeni. Siku serikali itakapobadilika na nyinyi mkabadilishana upande wa kulalamika, daftari litawaamua.

*Salaam, Mwalimu. Niliendesha trela kutoka Kilindini hadi Malaba mpaka macho yakachoka. Reli mpya ya SGR ilipokuja kazi ikafa, na mtaa wetu ukafa nayo. Vijana wananiambia tumeumia kwa kuwa Mombasa hupigia upinzani. Wengine wanasema tumeumia kwa kuwa viongozi wetu walipeana mkono na serikali. Lipi ni kweli? Na kwa nini watu wetu wanapiga kura kinyume na riziki zao?*
— Dereva mstaafu, Miritini

Mzee wangu, pole. Miritini naijua, nilipita hapo kwenda kazini. Nilikuwa naona gereji, mafundi wa panchari, vibanda vya chakula, nyumba za kulala wageni, vyote vikila mgongoni mwa trela moja inayosubiri zamu. Asiyeishi huku alidhani kontena ni kazi ya dereva na utingo wake tu.

Tuweke mambo kwa mpango wake. Treni ya SGR ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Reli hiyo ya Mombasa hadi Nairobi iligharimu takriban shilingi bilioni 327, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Deni lazima lilipwe, na treni ya abiria peke yake isingelilipa. Kwa hiyo serikali ikaelekeza mizigo ya kwenda bara ipakiwe kwenye treni na ikakaguliwe Nairobi. Mwaka 2019 watu wa Mombasa waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu kupinga agizo hilo.

Kumbuka siasa ilivyokuwa wakati huo. Machi 2017 Gavana Joho alizuiwa na polisi asifike kwenye uzinduzi wa feri ya Mtongwe uliofanywa na Rais Kenyatta, na Mombasa nzima ilichemka. Mwaka mmoja baadaye ikaja handisheki. Reli ilikuwa ile ile, na mizigo iliendelea kwenda Nairobi. Kilichobadilika ni nani aliyejiona ana ruhusa ya kukasirika. Nilikuwa bado nafundisha, na nilisikia katika chumba cha walimu watu walioilaani SGR mwaka 2017 wakisema mwaka 2019 kwamba tuwe na subira, mambo yanazungumzwa. Walioendelea kulaani kwa sauti ile ile walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa na ndugu aliyepoteza kazi ya trela. Hilo mimi ndilo lililonifunza zaidi: mtu akiguswa mezani pake, chama humpungukia nguvu. Asiyeguswa hupata subira nyingi sana.

Mwaka 2022 Ruto aliahidi kuzirudisha huduma za bandari Mombasa, na tarehe 13 Septemba, siku aliyoapishwa, akatangaza kwamba zinarudi. Lakini katika kura ya Agosti 9 aliyeongoza Mombasa alikuwa Raila, na uchaguzi wa gavana, ulioahirishwa hadi tarehe 29 kwa mkanganyiko wa karatasi za kura, ulimpa ushindi Abdulswamad Nassir wa ODM.

Je, walipiga kura kinyume na riziki yao? Hapo sikubali haraka, mzee. Aliyetoa ahadi ya 2022 alikuwa Naibu wa Rais katika serikali iliyotoa agizo lenyewe. Mpigakura aliyemtilia shaka hakuwa mjinga. Tena chama kwa watu wa Pwani si kofia ya kampeni tu. Wengi waliingia upande wa chungwa, alama ya kura ya "La" iliyozaa ODM, katika kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba 2005, wakashikilia madai ya ugatuzi hadi Katiba ya 2010, na mwaka 2013 wakaona kaunti yao wenyewe. Mtu hawezi kusoma kila mswada wa fedha kurasa zote. Anamtazama aliyesimama naye zamani, anamfuata. Hata Mombasa ya KANU ilikuwa hivyo: Shariff Nassir aliushika uwakilishi wa Mvita kwa zaidi ya miaka 20 chini ya jogoo, alama ya KANU, na mwanawe leo ni gavana kwa tiketi ya ODM. Uaminifu unahama, lakini huhama kwa sababu, na mara nyingi huhama polepole kuliko bei.

Kwa hiyo jibu langu kwa vijana wako ni kwamba hakuna hata mmoja kati ya wale wanaobishana aliyelenga. Mizigo ilienda Nairobi kwa sababu ya deni la reli. Kura ya Mombasa haikuanzisha deni hilo, na mkono wa viongozi haukuliondoa. Kinachonikera ni yaliyofuata tangazo la Septemba 2022. Nilikutana na watu waliofurahia uamuzi ule lakini wakasema kwa kunong'ona, wakihofia majirani. Nilikutana pia na waliousifu juu ya majukwaa na hawajawahi kurudi Miritini kuhesabu gereji ngapi zimefunguliwa upya. Wewe, mzee, unaweza kuhesabu. Fanya hivyo, uniletee, nitachapisha.

*Mwalimu, shikamoo. Sisi kizazi chetu tulitoka barabarani 2024 bila chama, bila kabila, bila kiongozi. Basi haya maradhi ya vyama unayoyasema hayatuhusu, au vipi?*
— Mwanafunzi, Tudor

Marahaba, mwanangu. Mlichofanya Juni 2024 kilinipa matumaini ambayo sikuwa nayo tangu 2010, na nitakueleza kwa nini.

Darasani nilikuwa na zoezi nililolipenda. Naandika ubaoni pendekezo moja la kodi au la elimu, bila kusema limetoka wapi, wanafunzi wanapiga kura kwa mikono. Wiki nyingine narudi na pendekezo la aina hiyo hiyo, lakini safari hii nataja chama. Mikono ilikuwa inabadilika mbele ya macho yangu, na ukiwauliza wanakupa sababu nzuri sana zisizotaja chama hata kidogo. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Geoffrey Cohen alichapisha utafiti uliofanana na huo, uliofanywa kwa wanafunzi wa vyuo Marekani. Aliwapa mpango wa kusaidia maskini, wengine mpango wa ukarimu, wengine wa kubana. Waliunga mkono ule walioambiwa chama chao kinautaka, uwe wa ukarimu au wa kubana. Walipoulizwa, walisema wameamua kwa yaliyomo kwenye mpango.

Nyinyi mlianza na yaliyomo. Mliusoma Mswada wa Fedha wa 2024 wenyewe: VAT ya asilimia 16 kwa mkate, ushuru wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, ushuru wa mazingira uliotishia kupandisha bei ya sodo na nepi. Mkautafsiri kwa Kiswahili na lugha za nyumbani, mama zenu wakauelewa. Ya mkate na ya gari yakaondolewa tarehe 18 Juni. Mswada ukapitishwa tarehe 25, siku ambayo vijana waliuawa, na tarehe 26 Rais akasema hatautia saini. Hakuna mwenye chama aliyewaambia ukurasa gani wa kusoma.

Lakini kutokuwa na kadi ya chama si chanjo. Nawasikiliza vijana wa mtaani kwetu sasa. Wapo wanaokataa jambo lolote likitoka serikalini, hata likiwa lile walilolidai, na hawalisomi kwanza. Hiyo ni "sisi na wao" ile ile, imekosa jina tu kwenye orodha ya msajili wa vyama. Jipime hivi: taja jambo moja ambalo serikali hii imefanya vizuri, na jambo moja ambalo mtu unayemshangilia amekosea. Ukikwama kwa lolote kati ya hayo mawili, rudi kwenye mswada. Kila mwaka kunakuja mwingine, na ule wa mwaka huu unahitaji wasomaji wale wale.

*Mwalimu, unatuhubiria sana. Sema wazi, wewe ni chama gani?*
— Msomaji, Mji wa Kale

Una haki ya kuuliza. Sina kadi ya chama chochote. Mwaka 2005 nilipigia chungwa, na tangu hapo moyo wangu huelekea upande huo. Raila Odinga alipofariki tarehe 15 Oktoba 2025 nilimlilia, na sioni haya kuliandika. Kwa sababu hiyo, nikiandika jambo linalomhusu Rais Ruto, huanza na hoja ya anayemtetea, kwa maneno ambayo mwenyewe angeyakubali, ndipo niandike yangu. Aya ile ya mfumuko wa bei hapo juu niliiandika kabla ya nyingine zote. Ukiona mahali nimependelea, niandikie, utaje aya. Barua yako itachapishwa toleo lijalo, mbele ya jibu langu.